Maswali na Majibu: Kazi ya Lori na Lugha ya Barabarani

Maswali ya safari hii yanahusu malori ya masafa marefu, hasa ya njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hadi Zambia na Kongo, njia ambayo mimi mwenyewe niliiendesha kabla ya kushika kalamu.

Nina leseni ya gari dogo. Nifanye nini ili niajiriwe kuendesha semi, yaani lori lenye tela? (Kijana, Morogoro)

Waajiri wengi watakudai leseni ya daraja E pamoja na cheti cha mafunzo ya magari makubwa kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA. Baada ya hapo watakuuliza uzoefu, na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Ushauri wangu ni kwamba usione haya kuanza kama utingo, au taniboi kama wengine wanavyomwita. Kila gari linaposimama, utingo hulizunguka akigonga matairi kwa kipande cha chuma, yote 22 kama semi ina ekseli sita, akisikiliza mlio: tairi lililojaa hurudisha chuma kwa mlio mkavu, na lililopungua upepo huitika kwa kishindo kizito. Sikio hilo hupatikana kazini tu. Lakini dereva akikukabidhi usukani usiku ili yeye apate usingizi, nawe huna leseni ya gari hilo, kataa, hata kama utashushwa njiani.

Lori lililokuwa mbele yangu liliwasha indiketa ya kulia, nikangoja likate kona, lisikate. Lilikuwa linaniambia nini? (Mwenye gari dogo, Iringa)

Lilikuwa linakuambia usipite, kuna gari linakuja. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, suka, yaani dereva wa lori, huwasha ya kulia kukuzuia, na ya kushoto kukujulisha kwamba njia ni nyeupe. Usiku mambo hubadilika, kwa sababu lori linalokuja mbele yako likiwasha indiketa ya kulia huwa linakuonyesha ukingo wa tela lake ili usiukwaruze. Tatizo ni kwamba sheria inaitambua indiketa kama ishara ya kukata kona au kuhama njia, na siku moja lori hilo hilo litakata kweli kuingia kulia huku wewe ukiwa ubavuni mwake. Dereva wa mbele anaiona barabara, lakini hajui gari lako lina nguvu kiasi gani ya kumpita. Ichukue ishara yake kama taarifa, si ruhusa, na usitoke nyuma yake mpaka uone mwenyewe.

Ukimulikwa taa mchana, mara nyingi unaambiwa mbele kuna tochi, yaani trafiki mwenye kipima mwendo. Ukikuta matawi ya miti yamelazwa barabarani, punguza mwendo mara moja, maana mbele kuna gari lililoharibika. Jambo linaloniumiza ni wenzetu wanaotengeneza gari, wakaondoka, wakayaacha barabarani mawe waliyozuilia matairi. Matawi gari litayakanyaga likapita, lakini mwenye pikipiki akiligonga jiwe gizani huenda asinyanyuke tena.

Kwa nini malori huteremka mlima Kitonga kwa mwendo wa kobe? (Abiria wa basi)

Kwa sababu dereva mwenye akili anateremka kwa gia nzito, akiiachia injini kazi ya kulizuia gari. Anayeachia fri, yaani anayeliacha gari lishuke bila gia, ili kuokoa mafuta hubakiwa na breki peke yake. Akizikanyaga mfululizo zinachemka na kupoteza mshiko, na akizipiga mara kwa mara upepo unaoziendesha unatumika upesi kuliko kompresa inavyoweza kuujaza. Mvumilieni.

Mwanangu anapeleka mizigo Lubumbashi. Hana mkataba, analipwa mileji tu. Je, ni halali? (Mama, Mbeya)

Hapana, mama yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa maandishi pale mfanyakazi anapotakiwa kufanya kazi ndani au nje ya nchi, na mileji ni fedha ya kujikimu safarini, si mshahara. Mwajiri wangu wa kwanza alinikabidhi funguo na mileji siku hiyo hiyo bila karatasi yoyote. Nilipoanguka na kuvunjika mkono nikifunga turubai Kapiri Mposhi, Zambia, hapakuwa hata na daftari lenye jina langu. Madai ya mikataba yalikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa madereva wa Aprili 2015, na bado barua kama yako zinanifikia. Mwambie aombe mkataba, aulize kama anachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na atunze kila karatasi ya safari. Akiachishwa kazi isivyo haki, ana siku 30 za kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kadi ya njano ni ipi hasa? (Utingo, Tunduma)

Ni mbili. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 inahesabika ya maisha. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Beba zote.

Lori langu lilipita mizani ya Vigwaza vizuri, Makambako likaambiwa limezidi. Nimeonewa? (Dereva)

Si lazima. Kikomo cha juu kabisa cha Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima, lakini kila kundi la ekseli lina kikomo chake, na mzigo usiofungwa barabara husogea kwenye miteremko na breki za ghafla, ukaelemea upande mmoja ilhali jumla haijabadilika. Mzigo wa wazi ukinyeshewa, turubai na magunia hunywa maji. Kontena lenye lakiri, yaani lililofungwa kwa muhuri, huwezi kulifungua ukapanga upya, kwa hiyo dai kipimo cha kila ekseli kabla ya kutoka lilikopakiwa, na uiweke risiti yake pamoja na hati za safari.