Mosi-oa-Tunya kutoka Lubumbashi: uliza kwanza maji

*Maswali ya wasomaji: safari*

Mama, heshima zako. Mimi na bibi yangu tuna watoto watatu, mkubwa ana miaka 14, mdogo ana 6. Tumeweka pesa kidogo kidogo ili tuwapeleke Livingstone, Zambia, waone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) na wanyama wa pori la hapo. Wenzangu kazini wanasema tungoje Noeli kwa sababu kila mtu ana konji. Wengine wanasema Pasaka. Tuna motokari yetu. Tunataka kutoka Lubumbashi alfajiri na kulala Livingstone siku ile ile. Utupangie. (Papa wa Kampemba)

Papa, Noeli hapana, na Pasaka nayo hapana. Watoto wako wanaenda kutazama maji, basi mfuate kalenda ya mto. Nilifundisha jiografia miaka mingi hapa mjini, na jambo hili linaniuma kweli: kila mwaka jamaa za hapa zinamaliza akiba yao yote kwenda kuona ukuta wa mawe makavu, au kusimama ndani ya ukungu bila kuona kitu.

Zambezi inazaliwa kwenye vilima vya Kalene, kaskazini-magharibi mwa Zambia, karibu kabisa na mpaka wetu. Inaingia Angola, inarudi Zambia, halafu inafika kwenye nyanda za Bulozi. Pale maji ya mvua yanatandaa na kusonga polepole sana. Ndiyo maana mvua ya Januari na Februari inachelewa kufika Livingstone, na mto unajaa kabisa mwezi wa 4, wakati mvua zenyewe zinakwisha. Pasaka nayo huangukia hapo hapo mara nyingi. Utaniuliza, si ndiyo vizuri, maji mengi? Maji hayo yanaanguka mita 108 ndani ya korongo jembamba, kwa upana wa mita 1,708. Yakiwa mengi hivyo, mvuke wake unapanda na kurudi chini kama mvua kubwa. Ukisimama ng'ambo unasikia ngurumo tu, mbele yako ni weupe mtupu. Mtoto wa miaka 6 ataloa na kuogopa, na hatakumbuka lingine.

Noeli ni kinyume chake. Mwezi wa 10 na wa 11 mto umekonda, na upande wa Zambia ndio unaokauka kwanza. Sehemu kubwa ya ukuta inabaki mawe. Mwezi wa 12 mvua zimeanza, lakini maji ya kutoka juu bado yako njiani.

Muende mwezi wa 7, watoto wakishapata buletini zao za shule. Mto umeshuka kiasi cha kuonekana, lakini bado unaanguka kwa nguvu, na jua la kiangazi linachora pinde za mvua juu ya korongo. Mwezi wa 8 nao unafaa. Mbebe matriko: usiku wa mwezi wa 7 una baridi kule kama kwetu.

Sasa njia. Kulala Livingstone siku ile ile, papa, nakuomba ulitoe kabisa kichwani. Ni karibu kilomita 1,000. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa, mpakani, ni kama 90, na hizo ndizo rahisi. Kasumbalesa yenyewe inaweza kukula asubuhi nzima: malori ya shaba na ya asidi yamejipanga, halafu kuna karatasi zako, karatasi za motokari, duani ya huku na duani ya kule. Ukishavuka, unaendesha upande wa kushoto. Usukani wako ukiwa kushoto, ukitaka kupita lori huoni mbele mpaka uchomoze nusu ya motokari yako barabarani. Mama watoto akae mbele, awe macho yako. Na giza likiingia, simama. Kati ya Ndola na Lusaka malori ni mengi, mengine yameharibika barabarani bila taa. Siku ya kwanza mlale Kabwe au Lusaka. Siku ya pili mpite Mazabuka kwenye mashamba ya miwa, Monze, Choma, mfike Livingstone mchana, mpumzike. Maporomoko yawe ya siku ya tatu, asubuhi, watoto wakiwa wamelala vizuri.

Mkubwa wako wa miaka 14 nimpe kazi. Pale Kasumbalesa mpaka unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua inayonyesha Lubumbashi inashuka kwa mito ya Kafubu na Luapula, ziwa Mweru, Luvua, Lualaba, hadi bahari ya Atlantiki. Inayonyesha ng'ambo tu inaingia mto Kafue na kwenda bahari ya Hindi. Mtavuka Kafue tena kwenye daraja kubwa kusini mwa Lusaka. Mwulize: maji haya yatapita kwenye Mosi-oa-Tunya? Wengi wanajibu ndiyo. Si kweli, Kafue inaingia Zambezi chini zaidi, baada ya maporomoko na baada ya bwawa la Kariba. Mpe ramani atafute mwenyewe.

Karatasi: pasipoti ya kila mtu, hata ya mdogo, na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu mnatoka Kongo na mtaulizwa. Mambo ya viza muulize konsula ya Zambia hapa Lubumbashi kabla ya kulipa chumba chochote. Kama mzazi mmoja atabaki nyumbani, mwenye kusafiri abebe ruhusa yake iliyoandikwa na kupigwa mhuri. Kadi ya motokari iwe na jina lako, na bima iwe inayokubalika Zambia. Dola mchague safi. Ile yenye mpasuko wa milimita mbili ambayo hata mama wa soko la hapa anaikataa, kule nako itakataliwa. Kwacha kidogo mnunue za kulipia barabarani na chakula.

Kibemba chenu kitawasaidia vizuri Copperbelt, jimbo la shaba mkishavuka mpaka. Livingstone watu wanasema Kitonga, Kilozi na Kinyanja, na ofisini Kiingereza. Mkubwa ajifunze sentensi kumi kabla ya safari.

Kwenye maporomoko mfike mlango ukifunguliwa, watalii wa mabasi wakiwa bado mezani. Tembeeni kwanza njia inayoelekea daraja jembamba la miguu. Hapo mvuke unapiga hata mwezi wa 7. Mama watoto aache kikwembe kizuri hotelini. Kikiloa kinakuwa kizito na kinamkwaza kwenye mawe. Viatu vya plastiki vinavyoshika mguu ndivyo vinafaa, na simu iwe ndani ya mfuko uliofungwa. Njia ya kushuka chini kabisa, mahali ambapo mto unazunguka kama chungu kinachochemka, ushuke wewe na mkubwa tu; kupanda kwake kunachosha na mawe yanateleza.

Chakula msishike mkononi. Nyani wa pale wanajua sauti ya mfuko wa plastiki. Nimemwona mmoja akija taratibu, bila mbio, akimtazama mtoto usoni. Akauvuta mfuko kutoka chini badala ya juu, mikate ikamwagika, na wenzake wawili walikuwa wameshafika kuokota. Mtoto hakuumia, ila alitetemeka siku nzima. Kuleni kabla ya kuingia au baada ya kutoka.

Mtalipa mlango mara mbili, na hapo watu wanagombana bure. Maporomoko yana tiketi yake, na upande wa wanyama, juu kidogo kandokando ya mto, una tiketi yake. Uliza kama kuna bei ya watu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na uonyeshe pasipoti; Kongo ni mwanachama tangu 1997. Wengi wetu wakishaona maji wanageuza motokari. Papa, usigeuze. Hifadhi yote ya Mosi-oa-Tunya ni kilomita za mraba 66 tu, nusu siku inatosha, na ndani kuna twiga, pundamilia, nyati, tembo, na vifaru weupe.

Kwa ajili ya vifaru hao ningewapeleka watoto hata kama maji yamekauka. Sisi tulikuwa na vifaru weupe wa kaskazini katika hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, na ujangili ukawamaliza. Mwezi wa 6 wa 2023 vifaru weupe 16 wa kusini waliletwa Garamba kutoka Afrika Kusini, lakini Garamba ni mbali na Lubumbashi, na mtoto wa Kampemba hana njia ya kufika. Livingstone anaweza kumwona kifaru akila majani, na kando yake askari wa pori mwenye bunduki anayemlinda. Mwacheni mtoto aulize kwa nini mnyama mkubwa vile anahitaji mlinzi. Mkitaka kuwafuata kwa miguu na askari, ulizeni umri unaoruhusiwa. Mdogo wenu huenda akabaki kwenye motokari na mama.

Mama, unatutuma Zambia kila mara, na sisi tuna maporomoko ya Lofoi ndani ya hifadhi ya Kundelungu. Hatujipendi? (Msomaji wa Katuba)

Ndugu yangu, una haki, na nakujibu kwa moyo wote. Lofoi inaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, karibu mara tatu ya Mosi-oa-Tunya kwa urefu, na hifadhi ya Kundelungu ipo tangu 1970. Mtu wa Lubumbashi anayejua maporomoko ya Zambia na hajui Lofoi amepungukiwa na kitu chake mwenyewe.

Lakini papa yule ana mtoto wa miaka 6 na motokari ya mjini. Kundelungu inataka gari la 4x4, mafuta ya akiba, chakula chote mkononi, hema, na watu wanaopenda kutembea. Lofoi pia inapungua sana kiangazi kikizidi, wakati ndio barabara zinapitika. Basi nenda mwanzoni mwa kiangazi, mwezi wa 5 au wa 6, ardhi ikishakauka na maji yakiwa bado yapo. Pita kwanza ofisi ya ICCN, wanaosimamia hifadhi za Kongo, hapa mjini, uwaambie mko wangapi na siku gani, wawaeleze hali ya njia na wawape askari wa kuwaongoza. Msiende na gari moja. Mawili, ili moja likizama kwenye mchanga lingine livute.

Yaya, nimeona picha za watu wakioga ukingoni kabisa mwa maporomoko. Nataka kuingia mwezi wa 7. (Kijana wa Kamalondo)

Mwezi wa 7 haiwezekani, mdogo wangu. Lile shimo la maji liko kando ya kisiwa cha Livingstone na linafunguliwa mto ukishashuka sana, kwa kawaida kuanzia katikati ya mwezi wa 8. Hata hapo unaingia na waongozaji wao tu, kwa kulipa na kuandikisha jina mapema. Mtu akikuambia anajua njia yake ya pembeni, mwache aende peke yake.

Tunafunga ndoa mwezi wa 6. Ni kweli upinde wa mvua unaonekana hata usiku? (Bwana na bibi harusi wa Ruashi)

Kweli kabisa, na hongera. Unatokea mwezi ukiwa mpevu: usiku wenyewe, ule wa kabla yake na ule wa baada yake. Siku hizo mlango hufunguliwa tena jioni kwa ajili hiyo. Mwezi wa 6 maji bado yanatosha kutoa mvuke. Kwa macho utauona mweupe zaidi kuliko rangi, kamera ikiachwa wazi muda ndiyo inaonyesha rangi. Tafuteni kwanza tarehe za mwezi mpevu, kisha ndipo mpange chumba. Mchana wa siku hiyo mpite mlangoni muulize saa ya kufungua, mpatane na teksi iwangoje hadi mtoke. Kurudi mjini kwa miguu usiku haifai: ni kilomita kama 10, na tembo wanavuka barabara ile.