Maumivu ya Tumbo Yamerudi: Je, Dawa Zilikuwa Feki?

SWALI: Ndugu Mfamasia, mimi ni fundi ujenzi wa Morogoro, nina umri wa miaka 41. Kwa miaka miwili sasa nasumbuliwa na kiungulia pamoja na maumivu ya chembe ya moyo yanayoniamsha usiku. Nikitafuna vidonge vya magnesiamu napata nafuu ya muda mfupi tu. Muuza dawa alinipa omeprazoli, na kwa kuwa kapsuli hunikwama kooni, nilikuwa nikiifungua na kuimimina kwenye chai ya maziwa baada ya kula. Nafuu ilikuwepo, lakini dawa zilipokwisha maumivu yalirudi. Mgongo nao hauniachi, hivyo karibu kila jioni humeza diklofenaki. Je, nimeuziwa dawa feki?

JIBU: Ndugu msomaji, sioni katika barua yako dalili ya dawa feki. Ninachokiona ni dawa tatu zinazofanya kazi tofauti, na moja kati yake inabomoa kile ambacho nyingine mbili zinajaribu kukijenga.

Magnesiamu hupoza tindikali iliyokwisha kumwagika tumboni, wala haizuii nyingine isitengenezwe. Tumbo likishaisukuma kwenda utumbo mwembamba, kazi yake imekwisha. Omeprazoli huenda kwenye chanzo, kwani hufunga pampu ndogo zilizomo katika seli za ukuta wa tumbo, ambazo ndizo zinazomwaga tindikali. Hata hivyo, hufunga zile tu zilizo kazini, na kwa kuwa chakula ndicho kinachoziamsha, dawa inapaswa kumezwa kama nusu saa kabla ya kifungua kinywa, ili pampu zinapoamka iwe imekwisha kuingia kwenye damu.

Ukiifungua kapsuli utaona punje ndogo mithili ya mtama. Kila punje imevikwa ganda, kwa sababu omeprazoli yenyewe huharibiwa na tindikali kabla haijafyonzwa. Ganda hilo limetengenezwa liyeyuke mahali penye tindikali kidogo, yaani kwenye utumbo. Sasa chai ya maziwa ya moto nayo haina tindikali ya kutosha, kwa hiyo ganda huanza kuyeyuka kikombeni na dawa hufika tumboni ikiwa uchi. Meza kapsuli nzima kwa maji mengi, ukiwa umesimama au umeketi wima.

Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini, lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazodumisha ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Ibuprofeni na aspirini zina tabia hiyo pia. Wako wanaoamini kwamba ukichomwa sindano ya diklofenaki tumbo linasalimika. Si kweli, kwa kuwa madhara yake hupitia pia kwenye damu.

Zamani lawama zote za vidonda vya tumbo zilitupiwa pilipili na mawazo, na mitaani bado ni hivyo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifanikiwa kuotesha maabara bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyetoka katika matumbo ya wagonjwa. Baadaye Marshall alimnywa bakteria huyo makusudi, akapata uvimbe wa ukuta wa tumbo, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba bakteria huyo husababisha vidonda vya tumbo. Omeprazoli peke yake haimwondoi; daktari huiunganisha na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14, na anayeziacha siku ya tano kwa sababu maumivu yametulia humwachia bakteria nafasi ya kuwa sugu.

Omba kipimo cha choo kinachotafuta bakteria huyo, kwani kile cha damu kinaweza kuendelea kuonyesha maambukizi muda mrefu baada ya mtu kupona. Kabla ya kipimo, kaa wiki mbili bila omeprazoli na wiki nne bila antibiotiki. Magnesiamu unaweza kuendelea nayo. Acha diklofenaki leo. Kwa mgongo tumia parasetamoli, isiyozidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, ikiwa huna ugonjwa wa ini wala hunywi pombe sana. Ukipata choo cheusi chenye kunata kama lami, au ukatapika damu, usingoje kipimo chochote: nenda hospitali saa hiyo hiyo.