Mlinzi wa Yerusalemu, Nyumba Yako Iko Chanika

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, fundi umeme wa majumbani, mkazi wa Chanika, nina mke na watoto wawili. Tangu mwezi Machi Mungu amenifungua macho kuhusu siku za mwisho. Ezekieli 38 inatimia mbele yetu: Uajemi, ambayo ndiyo Irani ya leo, imepigana na Israeli mwezi Juni 2025, Urusi inajiandaa, mto Frati unakauka, na ng'ombe wekundu wamekwisha kufika Yerusalemu. Nimeyaacha mambo ya dunia, madeni yakiwa miongoni mwayo, ili nikeshe. Mtumishi wetu anaandaa safari ya kwenda Mlima wa Mizeituni mwezi Desemba, nami nimepata mnunuzi wa nyumba yetu na kupokea arubuni ya shilingi milioni mbili. Mke wangu amekataa kutia sahihi. Ni mtu wa dhihaka. Aliichukua ramani yangu ya vita vya Gogu, yule adui wa Israeli katika Ezekieli 38, akafungia vitumbua vya wateja wake. Nilipomweleza binti yetu wa darasa la saba kwamba hakutakuwa na haja ya kidato cha kwanza, mama yake alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Sasa ameondoka na watoto, yuko kwa mama yake Muheza. Mwezi Septemba tulikosea hesabu, lakini safari hii ishara ziko wazi. Je, siruhusiwi kumwacha kwa mujibu wa 1 Wakorintho 7:15, kwamba asiyeamini akiondoka, na aondoke? Na nitawezaje kuuza bila sahihi yake?
Mlinzi wa Zamu, Chanika.

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke, maana nyumba iliyozoea kelele za watoto ikinyamaza ghafla hailaliki. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoirudia nilimwona mkeo akizidi kuwa na haki.

Kurasa zako tano, ambazo hapa nimezifupisha, zimeitaja Irani mara kumi na nne na binti yako mara moja tu. Katikati ya kurasa hizo umepenyeza maneno machache, "madeni yakiwa miongoni mwayo", kwa haraka ya mtu anayepitisha kuku wa wizi sokoni. Hukusema unadaiwa nini wala na nani. Umesema kwamba macho yako yalifunguliwa mwezi Machi, nami ningependa kujua kama mwezi huohuo ndio mkopo wako ulipoiva. Ninawajua wanaume wa umri wako waliochukua mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu, wakaanza kuzima simu, kisha kukacha kazi ili wasikutane na wakusanyaji wa marejesho barabarani. Mwingine hukimbilia pombe, mwingine nyumba ndogo, na wewe umekimbilia Ezekieli. Nakiri kwamba kimbilio lako lina heshima zaidi, lakini bado ni kukimbia. Kama nimekuonea, niandikie tena unieleze kwa nini mtu anayeamini kwa moyo wote kwamba dunia inakwisha Desemba anahangaika kutafuta mbinu ya kuuza nyumba bila sahihi ya mkewe.

Usinielewe vibaya. Mimi ni Mkristo, na kila Jumapili nakiri pamoja na wenzangu kwamba Kristo atakuja tena kuwahukumu wazima na wafu. Sina ugomvi na marejeo ya Bwana. Ugomvi wangu ni na hesabu zenu. Na kwa kuwa umenijia na ramani, acha nami niifungue.

Neno "Roshi" lililo katika Ezekieli 38, ambalo mtumishi wenu amewaambia kuwa ni Urusi, kwa Kiebrania maana yake ni kichwa, na ndiyo maana Wayahudi huuita mwaka wao mpya Rosh Hashana, yaani kichwa cha mwaka. Ndiyo maana pia Biblia nyingi za lugha nyingine hazina nchi yoyote inayoitwa Roshi katika mstari huo, bali husema tu "mkuu", na hiyo Mesheki na Tubali zilikuwa huko iliko Uturuki ya leo. Kila kizazi kimemvika Gogu sare ya adui wa wakati wake. Ambrosi wa Milano, katika karne ya 4, aliona ni Wagothi waliokuwa wakiihangaisha dola ya Rumi. Luther aliona ni Waturuki, walipofika hadi kuta za Vienna mwaka 1529. Katika Vita Baridi wahubiri wa Marekani waliapa kwamba ni Muungano wa Sovieti, na ulipovunjika mwaka 1991 walikuna vichwa kidogo kisha wakaendelea na Urusi iliyobaki.

Na huyo Mwajemi unayemwogopa, je, unakumbuka kwamba Koreshi, mfalme wa Uajemi, ndiye aliyewaruhusu Wayahudi kurudi kulijenga hekalu, hata Isaya 45 ikamwita masihi wa Bwana? Hadi mapinduzi ya mwaka 1979, Irani ya mfalme wake, Shah, ilikuwa ikiiuzia Israeli mafuta. Vita vya Juni 2025 vilianza tarehe 13, Marekani ikavipiga vituo vya nyuklia vya Fordo, Natanz na Isfahan tarehe 22, na siku mbili baadaye risasi zikasimamishwa. Hizo ni siku kumi na mbili za kutisha zenye sababu zinazojulikana: urani, makombora, na uadui wa miaka zaidi ya arobaini. Ezekieli anawataja pia Kushi na Putu katika jeshi la Gogu. Kushi ni huko Sudan, nchi ambayo Januari 2021 ilitia sahihi Makubaliano ya Abrahamu ya kupatana na Israeli, na ambayo tangu Aprili 2023 majenerali wake wanauana wenyewe kwa wenyewe. Putu kwa kawaida hutafsiriwa kuwa Libya, ambayo ina serikali mbili zisizotambuana. Mwanangu, majeshi hayo yatakusanywa na nani kabla ya Desemba?

Kuhusu Frati, Ufunuo 16 inasema kweli kwamba maji yake yatakauka, lakini haya yanayopungua sasa yanazuiwa na mabwawa, yananyonywa na mashamba, na kupunguzwa zaidi na ukame. Uturuki ilipoanza kulijaza Bwawa la Atatürk, Januari 1990, iliyazuia maji ya mto huo kwa takribani mwezi mzima, na waliolalamika walikuwa Syria na Iraki. Wewe wakati huo ulikuwa mtoto wa shule ya msingi, na baba yako, namshukuru Mungu kwa ajili yake, hakukutoa shuleni. Ng'ombe wekundu nao walikuwa watano, walisafirishwa kwa ndege kutoka Texas Septemba 2022, wakipelekwa na watu wanaotaka ibada ya Hesabu 19, ya kutakasa kwa majivu ya ng'ombe mwekundu, irudi. Ishara inayokatiwa tiketi ya ndege na watu wanaoitamani, mimi siwezi kuiuzia nyumba.

Hesabu za namna hii zina makaburi yake. William Miller, mkulima wa Marekani, aliwafanya maelfu wamngoje Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, na baadhi yao waliviacha viazi shambani bila kuvivuna kwa sababu hawakutegemea kuwapo. Mwaka 2011 Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitangaza 21 Mei. Mstaafu mmoja wa usafiri wa jiji la New York alimaliza akiba yake, takribani dola 140,000, kwa kubandika matangazo, na tarehe hiyo ilipofika alisimama katikati ya jiji akiangalia saa. Septemba 2025 ilikuwa zamu ya mhubiri wa Afrika Kusini aliyetangaza tarehe 23, na kwa kuwa unasema "tulikosea hesabu", nadhani nawe ulikesha siku hiyo. Ni Septemba hiyohiyo binti yako alifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Nani alimsindikiza?

Wala usidhani mambo haya yako ng'ambo tu. Kanungu, nchini Uganda, watu waliuza mali zao wakawakabidhi viongozi kwa kuambiwa kwamba dunia ingekwisha 31 Desemba 1999. Mwaka mpya ulipoingia kama kawaida wakaanza kudai vyao, na tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo la ibada. Shakahola, nchini Kenya, miili zaidi ya mia nne ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Simwiti mtumishi wako muuaji, maana simjui. Namuuliza tu swali ambalo watu wa Kanungu walichelewa kuliuliza: mwisho ukisogezwa tena mbele, fedha zinarudi kwa nani?

Unataka kusimama juu ya Mlima wa Mizeituni huku vita vikizuka. Juni, vita vilipozuka, uwanja wa ndege wa Ben Gurion ulifungwa, na mahujaji waliokuwa huko walikuwa wakitafuta njia ya kutoka. Tarehe 17 Julai 2025 kombora lilipiga kanisa la Familia Takatifu, parokia pekee ya Kikatoliki ya Gaza, na watu watatu wakafa wakiwa wamejihifadhi hapo. Vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo walikumbwa na shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023, na wote wawili walipoteza maisha. Wazazi wao hawakuona ishara yoyote, waliona jeneza. Unapofurahia habari za vita kama mtu anayefuatilia matokeo ya mpira, kumbuka kwamba kuna mama anayezipokea habari hizohizo akiwa amekaa chini.

Sasa nizungumze juu ya mkeo, ambaye hayupo kujitetea. Umeandika kwamba tangu Machi hukushika kazi, lakini katika barua nzima hukuwahi kusema kwamba mlilala njaa. Basi chakula kilitoka wapi, kama si katika vile vitumbua? Mwanamke anayeuza vitumbua asubuhi ameloweka mchele tangu jana, ameamka saa kumi usiku, amekaa mbele ya chungu cha mafuta huku moshi ukimla macho, na wateja walipofika akakuta karatasi zimekwisha. Akanyoosha mkono akachukua iliyo karibu. Wewe ukaiita dhihaka. Kwangu mimi, hiyo ndiyo siku pekee ambayo ramani hiyo imeilisha familia yako.

Ndoa za siku hizi zimepata mtu wa tatu ambaye hana hata haja ya kugonga mlango. Zamani mke alimwogopa mwanamke wa jirani. Leo mumewe amelala ubavuni pake, amevaa vidude vya masikioni, anamsikiliza mhubiri asiyemjua mpaka saa nane usiku, na akiulizwa habari ya ada anajibu kwa habari za Tehran. Wanawake nao hufanya hivyohivyo kwa maombi ya simu na washauri wa mapenzi, sitawaficha. Mtu anajua kila kambi ya kijeshi ya Mashariki ya Kati lakini hajui mtoto wake anavaa kiatu namba ngapi.

Umenitajia 1 Wakorintho 7:15. Mstari huo Paulo aliwaandikia walioachwa na wenzi wasio Wakristo, na mkeo, kwa maneno yako ya ukurasa wa tatu, ni mwimbaji wa kwaya. Kama unatafuta asiyeamini katika ndoa hiyo, fungua 1 Timotheo 5:8 usome kuhusu mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Ukimaliza, nenda Yeremia 32. Wababeli wameuzunguka Yerusalemu, na nabii, ambaye anajua kwa hakika kwamba mji unaanguka, ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli kumi na saba, anatia sahihi hati mbele ya mashahidi na kuihifadhi katika chombo cha udongo ili idumu. Huyo alikuwa nabii wa kweli, na mwisho wa mji wake aliuona kwa macho, lakini alinunua wakati wewe unauza.

Kuhusu sahihi, hakuna mbinu nitakayokupa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakukataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzako, na mnunuzi wako akipata wakili mwenye akili ataambiwa hivyo. Irudishe arubuni wiki hii. Ikiwa umekwisha kuipeleka kwenye safari, nenda kaidai, na uangalie jinsi mtumishi atakavyokujibu, kwa maana jibu hilo litakufundisha kuliko mahubiri ya miezi saba. Mwone anayekudai mpange marejesho, kisha uwapigie wateja wako wa zamani, maana nyaya bado zinaungua Chanika.

Ukiwa na kazi walau mbili mkononi, panda basi la Muheza. Usibebe Biblia ya kuhojiana nayo. Msalimie mama mkwe kwa adabu, umruhusu aseme yote aliyoyaweka moyoni, hata yakiwa makali, na mkeo umwombe radhi mbele yake. Lakini kabla ya hayo yote mwite binti yako pembeni, umwambie kwamba Januari anaingia kidato cha kwanza na kwamba sare utamshonesha wewe, kisha umpime kiatu.