Shemeji anasikia vanila, mimi nasikia moto tu

SWALI: Dada wa Kaunta, habari za kazi? Shemeji yangu amekuja likizo kutoka Dallas, katuletea mzinga wa bourbon, ile wiski ya Kimarekani, ulioandikwa prufu 100. Nilipochanganya na kola alinicheka, eti naua vanila na karameli. Mimi nikinusa nasikia moto tu. Ananidanganya? Na hiyo vanila waliitia lini? – Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Hakudanganyi, ila kakuacha njiani. Prufu 100 gawanya kwa mbili: hiyo ni asilimia 50 ya kilevi. Konyagi uliyoizoea ni 35. Halafu naona ulitumbukiza pua nzima kwenye glasi, pengine saa nane mchana na joto la Mwanza hili. Lazima uungue.

Subiri jua lizame. Mimina toti moja kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, na usiwe umetoka kula sato wa pilipili na ndimu. Shika glasi usawa wa kidevu, achama kidogo, vuta hewa taratibu, ndipo uipandishe. Funda la kwanza liwe dogo, la kuuzoeza ulimi tu, usilihukumu. Sasa tia maji ya kunywa, kijiko kimoja cha chai, unuse tena. Hapo ndipo wateja wangu wengi huanza kutikisa kichwa. Barafu iache kwanza, baridi inaficha harufu.

Vanila hakuitia mtu. Sheria ya Marekani hairuhusu bourbon kuongezewa ladha wala rangi. Nafaka yake angalau asilimia 51 ni mahindi, na pombe hulazwa kwenye pipa jipya la mti wa mwaloni lililochomwa ndani hadi likawa mkaa. Moto huo ndio unaotoa kwenye mbao harufu ileile ya vanila inayolimwa Bukoba, na sukari ya mbao ikiungua ndiyo karameli anayoisema shemeji. Kama bado huamini, glasi ikiisha usiioshe. Inuse asubuhi: kilevi kimeruka, mbao zimebaki.

(Akikwambia bourbon ni lazima itoke Kentucky, hapo mbishie. Jimbo lolote la Marekani linaruhusiwa.)

Kola si dhambi, hata hapa kaunta wanaiagiza kila siku. Ila mimi ningenunua bourbon ya bei rahisi ya kuchanganyia, huu mzinga wa prufu 100 nikaufungia kabatini.