Re: Subaru WRX inayogonga injini, niichukue?

Sheikh, umeuliza kama uichukue hiyo WRX ya Fuoni, huku Unguja, kwa vile muuzaji anapunguza milioni 2 kwa ajili ya mlio. Mwambie asiiwashe kabla hujafika, uisikie ikiwa baridi. Mlio ukipotea injini ikishapata moto, mara nyingi ni pistoni tu inayocheza ndani ya silinda, watu wanaishi nao. Ukizidi kuwa mzito na kufuata kila ukikanyaga mafuta, hizo beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), na hapo ni kushusha injini nzima. Fundi wako (si wake!) amwage oili, ikimeremeta chembe za chuma, ondoka. Chungulia na uvunguni kama kuna kutu, chumvi ya bahari yetu haina huruma. Mie ikigonga ya moto, hata kwa milioni 4 namwachia.