Je, Plato yumo ndani ya Biblia ya Wayahudi?

SWALI: Katika kikundi chetu cha kusoma Biblia, mwenzetu mmoja anashikilia kwamba kitabu cha Mhubiri ni mafundisho ya Epikuro mtupu (yule mwanafalsafa Mgiriki aliyefundisha kwamba raha ndiyo lengo la maisha), na kwamba habari ya roho isiyokufa Wayahudi waliitoa kwa Plato, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki. Kuna namna ya kupima dai kama hili, au kila mtu abaki na lake?

JIBU: Namna ipo. Kufanana peke yake hakutoshi. Tazama kwanza kitabu kiliandikwa kwa lugha gani, wapi na lini. Kisha tafuta istilahi za shule fulani ya falsafa, zikiwa zimepangwa vilevile wanavyozipanga wenyewe.

Kwa kipimo hicho, hoja ya Epikuro ni dhaifu. Mhubiri kiliandikwa kwa Kiebrania chenye maneno ya Kiajemi ndani yake, na wataalamu wengi hukiweka karne ya 3 K.K., Wagiriki walipokuwa wameshaitwaa nchi. Hata hivyo, hakuna neno la Kigiriki lisilobishaniwa humo. Watu hupenda kunukuu 9:7-9: kula, kunywa divai, nguo nyeupe, mafuta kichwani, kufurahi na mke umpendaye. Sasa fungua utenzi wa Gilgamesh wa Babeli. Siduri, mama muuza pombe, anamwambia shujaa ashibe, avae nguo safi, aoshe kichwa, amfurahishe mkewe. Mambo karibu yale yale, tena kwa mpangilio ule ule! Na maneno hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla Epikuro hajazaliwa mwaka 341 K.K.

Kwenye Plato mwenzenu ana pa kusimamia, ila si katika Mhubiri. Someni Hekima ya Solomoni (kimo katika Biblia za Kikatoliki na za Kiorthodoksi, wenye Biblia ya Kiprotestanti watalazimika kuazima). Hiki kiliandikwa moja kwa moja kwa Kigiriki, yaelekea Aleksandria, karibu na zama za Yesu. Sura ya 8:7 inataja kiasi, busara, haki na ushujaa. Hizo ndizo fadhila nne za Plato, hakuna iliyozidi wala iliyopungua, na sheria ya Musa haizipangi hivyo popote. Katika 9:15 mwili unaoharibika unailemea roho, na hema la udongo linaielemea akili. Plato katika kitabu chake Phaedo anasema mwili ni mzito, wa udongo, unaivuta roho chini. Mwandishi alikuwa amepita shule, hilo halifichiki. Hata sifa 21 za hekima katika 7:22-23, roho inayopenya kila kitu, zina harufu ya Wastoa, shule nyingine ya falsafa ya Kigiriki.

Lakini hakumeza kila alichofundishwa. Kwa Plato roho haifi kwa sababu ndivyo ilivyo kwa asili yake. Katika Hekima 3:1 roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu, na 15:3 inasema kuujua uweza wake ndio mzizi wa kutokufa. Ukiondoa Mungu, hoja nzima inaanguka.

Tena msichanganye hayo na Danieli 12:2. Pale wanaoamka ni waliolala mavumbini. Hayo ni matumaini ya ufufuo, yaliyoandikwa wakati mfalme wa Kigiriki Antioko wa Nne akiwatesa Wayahudi, na Plato hayamhusu.