Usinunue gari kwa jina la boneti: kwa waliofika Marekani karibuni

Mtu akifika hapa Columbus, Ohio, awe ametoka Nakuru, Goma au kambi ya Nyarugusu, hamalizi mwezi kabla wenyeji wake hawajamwambia: "Gari nunua Toyota au Honda. Ya Wamarekani usiyaguse." Wanaosema hivyo wana nia njema, na kuna wakati neno hilo lilikuwa na uzito wote. Siku hizi limebaki nusu. Ukilifuata bila kuuliza, unaweza kutoa pesa nyingi kwa Camry iliyochoka, na pembeni yake, yadi hiyohiyo, kuna gari zima kabisa linalouzwa bei ya chini kwa sababu tu ya nembo iliyo mbele yake.

Nimeendesha magari ya pande zote mbili kwa miaka mingi, na watu wa kwetu hunipigia simu niende nao yadi kabla hawajatoa hela. Ninachowaambia kila mara ni kwamba sifa ya gari huchelewa. Kinachosemwa leo kuhusu kampuni fulani mara nyingi kinahusu magari iliyotengeneza zamani, kiwe kizuri au kibaya. Anayenunua gari lililotumika ndiye anayeguswa zaidi na kuchelewa huko, maana bei ya yadi hufuata sifa, si hali ya gari.

Sifa mbaya ya magari ya Detroit, mji unaojulikana kama kitovu cha kampuni za magari za Kimarekani, haikuzuka hewani. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, Wamarekani walianza kutafuta magari madogo, na madogo waliyotengenezewa nyumbani yaliwaangusha. Chevrolet Vega ilikula kutu mapema, na injini yake ya alumini ilijulikana kwa kuchemka na kunywa oili. Ford Pinto ilikuwa na tangi la mafuta nyuma kabisa, mahali pa hatari gari likigongwa kwa nyuma, na mwaka 1978 kampuni ikalazimika kuita magari yapatayo milioni 1.5 yakarekebishwe. Wakati huohuo Corolla ya Toyota na Civic ya Honda zilikuwa zinawaka kila asubuhi. Mtoto aliyekua akimwona baba yake anahangaika na Vega alikuja kununua Honda, na watoto wake nao wakanunua Honda. Halafu ikaja 2009, Chrysler na General Motors (GM) zikafilisika kwa kupishana wiki chache. Mwaka 2014 GM ikaita magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyoweza kujizima gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa isifunguke. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Mtu aliyeyashuhudia hayo akisema hataki tena, simlaumu.

Lakini kuna upande mwingine wa habari hii ambao hausimuliwi sana kwetu. Mwaka 1981 Japani ilikubali kuweka kikomo cha magari inayoyauza Marekani, na kampuni zake zikaona njia ya kudumu ni kujenga viwanda hukuhuku. Honda ilianza kuunda Accord huko Marysville mwaka 1982, si mbali na hapa ninapoandikia. Nissan ikafungua Smyrna, Tennessee, mwaka 1983. Toyota ilianza kutoa Camry huko Georgetown, Kentucky, mwaka 1988. Kwa hiyo Camry inayosifiwa kibarazani kama gari la Mjapani huenda imeundwa na mama wa Kentucky, na siku hizi huenda ni ndugu yetu Mkongo anayeishi Lexington na anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Fremont, California. GM ilikuwa na kiwanda pale chenye sifa mbaya: wafanyakazi hawaji kazini, migomo haiishi, magari yanatoka na kasoro. Kikafungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia wa GM na Toyota, kikiitwa NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilekile. Kilichobadilika ni utaratibu. Juu ya mstari wa kuundia magari ilipita kamba, na mfanyakazi yeyote aliyeona kasoro aliruhusiwa kuivuta ili kiongozi wake aje, na ikibidi mstari mzima usimame. Hapo awali kusimamisha mstari ilikuwa karibu na kosa la kufukuzwa kazi; gari lenye bolti pungufu liliachwa liendelee, likashughulikiwe mwishoni, kama litashughulikiwa. Muda si mrefu ubora wa magari ya Fremont ukawa unakaribia ule wa viwanda vya Toyota vya Japani. Ndiyo maana sikubali mtu akisema Mmarekani hajui kuunda gari. Mikono ilikuwa ileile. Tatizo lilikuwa ofisini.

Kiwanda hicho ndicho kilichotoa gari ambalo nimeridhika nalo kuliko mengine yote niliyowahi kumiliki, Pontiac Vibe. Chini ya nembo ile ya Kimarekani kulikuwa na Toyota tupu: mtindo uleule wa Toyota Matrix, na injini ya lita 1.8 niliyokuwa nayo ni ya ukoo wa Corolla. Fundi wangu alikuwa anaagiza spea za Toyota bila kufikiri mara mbili. GM iliua jina la Pontiac kwenye msukosuko wa kufilisika, na Vibe ikaishia toleo la 2010, kwa hiyo watu wakaliogopa wakidhani limekuwa yatima lisilo na spea. Bei yake ikawa chini ya Matrix ya umri na maili zilezile. La kushangaza zaidi ni kwamba Matrix iliundwa Kanada na Vibe ikaundwa California. Watu walikuwa wanaongeza pesa kwa ajili ya nembo. Siku hizi Vibe zimezeeka, na kwenye majimbo yenye baridi nyingi zimeliwa na chumvi, kwa hiyo sikutumi ukatafute hiyo. Nakutuma ukaangalie mambo kwa jicho hilohilo.

Anza na namba ya chasisi. Iko kwenye dashibodi upande wa dereva, unaisoma ukiwa nje kupitia kioo cha mbele, na imerudiwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukingoni mwa mlango. Ina herufi na tarakimu 17. Ikianza na 1, 4 au 5, gari limeundwa Marekani. 2 ni Kanada, 3 ni Meksiko, J ni Japani, K ni Korea. Herufi ya kumi inakuonyesha mwaka wa toleo. Fanya zoezi hilo siku moja yadini na utaona Silverado, pikapu ya Kimarekani hasa, inaanza na 3 kwa sababu imetoka Silao, Meksiko, na Accord ya jirani yake inaanza na 1. BMW nyingi kubwa za aina ya X5 zimetoka Spartanburg, South Carolina. Tangu ushuru wa asilimia 25 uwekwe Aprili 2025 kwa magari yanayoingizwa kutoka nje, hata kama nchi kadhaa zilipunguziwa baadaye, swali la limeundwa wapi limekuwa swali la bei kwa anayenunua jipya. Kwa anayenunua lililotumika, namba hiyo kazi yake kubwa ni nyingine: iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali ya usalama wa barabarani, na utaonyeshwa bure kama gari hilo limeitwa kurekebishwa na halijapelekwa. Likiwa na wito, ukarabati wake kwa wakala wa kampuni kwa kawaida hulipii.

Sasa, lipi la Kimarekani nalikubali? Ukiwa na kazi ya kubeba, ya kuhamisha watu nyumba, usafi wa maofisi, kupeleka vifurushi, nenda Kimarekani bila wasiwasi. Huko ndiko walikoweka nguvu zao zote. Tangu mwaka 1964 pikapu na magari mepesi ya mizigo kutoka nchi nyingi za nje yanatozwa ushuru wa asilimia 25, na kampuni za Detroit zikakaa kwenye biashara hiyo zikiwa zimekingwa, faida ikawa nzuri. Ford F-Series imekuwa ikiongoza kwa mauzo ya pikapu nchini humu tangu 1977. Van ya Chevrolet Express ina umbo ambalo halijabadilika sana tangu 1996, na hilo kwangu ni sifa: kila fundi anaijua, na spea zake zimejaa kila mahali.

Kwenye saluni ndogo, yaani magari ya abiria yenye buti nyuma, hapana, hapo nakubaliana na wazee wa kibarazani. Ford yenyewe ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha karibu saluni zote katika soko la Marekani, na Chevrolet Malibu nayo ikaagwa mwishoni mwa 2024. Zilizobaki ni za mtumba, na kuna za kukwepa: Ford Focus za otomatiki za 2012 hadi 2016 na Fiesta za 2011 hadi 2016 zilikuwa na giaboksi ya klachi mbili iliyotetemeka na kusita, mpaka wamiliki wakaenda mahakamani na kampuni ikakubali kulipa. Zinauzwa rahisi, na urahisi wake una sababu. Lakini usidhani kubadili nembo kunakukinga. Nissan nayo ilishitakiwa kwa giaboksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na gia za hatua, za Altima za 2013 hadi 2016 na ikaongeza muda wa dhamana. Toyota iliita pikapu zake za Tundra mwaka 2024 kwa mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani ya injini, na mwaka uliofuata GM ikaita magari yake yenye injini za V8 za lita 6.2 kwa hitilafu za ndani ya injini. Uliza injini na giaboksi na mwaka. Jina la kampuni liwe swali la mwisho.

Kabla ya kwenda kuliona gari lenyewe, omba lisiwashwe mpaka ufike. Gusa boneti, ikiwa ya moto, wameliwasha mapema, na huenda kuna sauti hawataki uisikie injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha kujazia oili ukiangalie kwa ndani: ute mweupe kama maziwa unaashiria maji yanaingia kwenye oili, ingawa wakati wa baridi kali gari la safari fupi huweza kuwa nao kidogo, kwa hiyo chomoa na stiki ya oili ulinganishe. Kama iko hivyohivyo, ondoka. Halafu lala chini. Ndiyo, lala, chukua boksi utandike. Hapa Ohio barabara zinamwagiwa chumvi kila majira ya theluji, na chumvi hiyo inakula chasisi na mabomba membamba ya breki bila kuchagua Mjapani wala Mmarekani. Kutu ya juujuu isikutishe. Bonyeza kwa bisibisi: chuma kikimong'onyoka au bisibisi ikizama, hata wakikupunguzia nusu ya bei usichukue. Ukiendesha, tafuta mtaa wa mwendo mdogo, nenda kama maili 15 au 20 kwa saa, acha mafuta, kanyaga tena taratibu. Giaboksi mbovu hujisema hapo kuliko kwenye barabara kuu.

Kuna yadi moja tulikwenda na mama mmoja wa Kikongo, anatafuta gari la kumpeleka kazi ya usiku. Taa ya injini ilikuwa haiwaki kabisa, na muuzaji alikuwa anaionyesha kama ushahidi. Nikachomeka kisomeo cha kompyuta ya gari, kidude cha bei ndogo kinachouzwa kila duka la spea, kikaonyesha vipimo vyote vya ndani vimefutwa na gari halijamaliza kujikagua upya. Maana yake mtu alikuwa amefuta hitilafu muda mfupi kabla hatujafika. Iliniuma, kwa sababu Kiingereza cha yule mama kilikuwa bado kidogo na bila shaka walimtegea hapo. Gari lilikuwa la Kijapani, jina ambalo kila mtu angemwambia achukue. Nunueni kidude hicho. Na kabla ya kusaini, mlipeni fundi asiyejuana na yadi alipandishe gari juu alikague. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Wengi huniuliza pia kuhusu kupeleka gari nyumbani baadaye. Kwa Kenya, jibu ni fupi: gari liwe la usukani wa kulia na lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na la huku lina usukani wa kushoto. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, usukani si kikwazo, lakini kabla hujalipa meli piga simu kwa fundi wa Bujumbura au Bukavu umtajie injini yenyewe, umuulize kama amewahi kuifungua na spea zake anazipata wapi.